Mgeni wa Heshima wa Timu ya Nuu

Mbaluka alikuwa hotelini Kabati, chai mkononi, aliposikia mwanamke akipiga mayowe redioni.

"Nuu tumeingia mchujo! Wasichana wangu wa voliboli! Miaka tisa tunashika mkia, sasa Jumamosi tunaenda Wote kucheza na wakubwa! Wuui, mtangazaji, acha tu nilie!"

Na akalia kweli, hadi mtangazaji akaweka wimbo.

Hoteli nzima ilicheka. Mbaluka hakucheka. Bwana huyu, aliyewahi kumuuzia mchungaji kisima cha jirani, alijua kwamba mtu mwenye furaha ya namna hiyo haulizi kitambulisho. Akamaliza chai, akaingia kwenye gari lake la viti kumi na nne, kitu pekee maishani alichokinunua kwa njia halali, akashika barabara ya Nuu.

Yule wa redioni aliitwa Wayua. Alikuwa kocha, mfua jezi na shabiki mkuu wa timu. Mbaluka alimkuta kwenye uwanja wa kanisa, filimbi shingoni, sauti imekauka kwa kushangilia.

"Mwaitu, mama yetu, mimi natoka kamati ya mchujo," Mbaluka alisema, akinyoosha tai. "Hongera sana. Imebaki usajili tu. Ni mbuzi wanne."

"Mbuzi? Si pesa?"

"Pesa tulikataa. Inaleta ufisadi."

Wayua alimtazama. Kisha akalitazama gari, kwa muda mrefu zaidi.

"Aiya! Hapo umesema ukweli, mheshimiwa. Lakini hatuwezi kukupa mbuzi kichochoroni kama mwizi. Rudi Ijumaa, tukufanye mgeni wa heshima."

Mbaluka ni mzaliwa wa Ukambani, hakuna wa kumfundisha. Mgeni wa heshima hukalishwa mbele, hupewa mapaja ya kuku, kisha huambiwa atoe alichobeba. Akapanga kula, kufunga mbuzi na kuaga kabla ya sehemu hiyo ya kutoa.

Ijumaa alikuta hema limejaa. Mbuzi wanne wanono walikuwa wamefungwa kando. Wasichana kumi na wawili walikaa mstari wa mbele, kila mmoja na begi lake miguuni. Mbaluka aliangalia mbuzi, hakuangalia mabegi.

Alipomaliza kuku, wakampa kipaza sauti, na hapo ndipo alipojiponza. Alisema neno moja, wakapiga makofi. Akasema lingine, wakapiga vigelegele. Makofi ni matamu jamani.

"Kamati yetu," akanguruma, "haitakubali timu hata moja ikose mchujo kwa sababu ya usafiri! Hata ikibidi mimi mwenyewe niwabebe!"

Wayua aliruka juu. "Mmesikia kwa masikio yenu! Mgeni wetu ametoa gari!"

"Ngoja, mimi nilikuwa nasema..."

Nani amsikie? Akina mama walikuwa wameshaingia na wimbo, wakamvika leso mbili shingoni. Mchungaji, macho yamefumbwa, alikuwa ameanza kuliombea gari. Na chifu alikuwa amekaa safu ya pili. Mbaluka akibisha tu, chifu atauliza ni kamati gani hiyo. Akatoa ufunguo huku akitabasamu kama mtu anayeng'olewa jino.

Sugow, mfanyabiashara wa mifugo, alishika usukani. Wasichana wakaingia, mabegi yakaingia, Wayua akaingia.

"Na mimi?" Mbaluka akauliza dirishani.

"Wasichana kumi na wawili, dereva na mimi. Viti vimeisha, mheshimiwa."

"Basi nipe mbuzi wangu."

"Hao ni wa Sugow. Alituazima wapendezeshe sherehe." Wayua akainama, akashusha sauti. "Usajili nilifanya mwenyewe Jumatatu, bure kabisa. Gari ndilo lilitushinda. Nilikuwa nimeshindwa kulala, sijui nitawaambiaje hawa watoto kwamba hatuendi." Akafuta machozi kwa kiganja. "Mungu akubariki, mwizi wewe. Tukishindwa, utalipata gari Jumapili, limeoshwa. Tukishinda, raundi inayofuata ni Machakos."

Gari likaondoka na nyimbo zake.

Jumamosi Nuu yote ilijazana katika hoteli ya Arbaco, mke wa Sugow, kusikiliza mechi kwa simu iliyowekwa sauti ya juu. Walikuwa wakiiombea Nuu, isipokuwa mtu mmoja pale kwenye kona. Seti zikawa mbili kwa mbili. Seti ya mwisho watu waliacha hata kunywa chai. Kisha simu ikapasuka kwa sauti ya Wayua:

"Tumeshinda! Wuui, Nuu! Machakos tunakuja!"

Viti vikaanguka, watu wakakumbatiana. Mbaluka alilaza kichwa mezani akalia kwa sauti.

Arbaco alimwona, naye machozi yakamtoka.

"Mwoneni mheshimiwa!" akawaambia watu. "Nani hapa anaipenda timu kama yeye?"

Na papo hapo, kwa kunyoosha mikono, wakamchagua mlezi wa timu kwa msimu mzima.