Ukili wa Umeme

Jumatatu, 24 Oktoba 1955, Kibiti
Nimemposa Mwanabibi. Baba yake, Mzee Abdurahmani, amemjibu mshenga wangu kwamba kwanza ataona nitakavyoangaza maulidi yake Ijumaa. Nilishamwambia mimi ni fundi umeme. Si nilifagia karakana Dar es Salaam? Bashiru mwenye karabai naye anaposa. Maskini! Mafuta ya taa, zama hizi!

Jumanne, 25 Oktoba
Rajabali wa dukani kaniazima betri ya lori lake, waya na glopu nne. Nimezipanga glopu njia moja, umeme upite ya kwanza ndipo ufike ya pili. Zikafifia kama makaa ya jana. Nikachomoa moja, zote zikazima! Dada yangu Chiku kauliza kama maulidi yatasomwa gizani. Hana subira yule.

Jumatano, 26 Oktoba
Nimegundua! Nyaya mbili, ya kwenda na ya kurudi, na glopu zikae katikati kama vidato vya ngazi. Kila moja ina njia yake. Nikachomoa moja, zilizobaki zikang'aa vilevile. Nikapita barazani kwa Bashiru nikipiga mluzi.

Alhamisi, 27 Oktoba
Nyaya mbili zinaning'inia ovyo, hazina heshima. Chiku hana mpinzani kwa kusuka ukili wa mikeka, nikamwambia azisuke pamoja. Akauliza hazitagombana, maana ziko tupu, hazina mpira? Suka, nikamwambia. Zimependeza mno! Kuunga tu, fyuzi ikaungua. Ya akiba nayo. Fyuzi za siku hizi zina moyo mdogo. Nimeweka msumari mahali pake. Sijaribu tena, nisimalize betri.

Jumamosi, 29 Oktoba
Jana baada ya Isha, wageni wamejaa, nikaunga. Glopu hazikuwaka. Ziliwaka nyaya zenyewe, nyekundu, banda zima la maulidi! Makuti yakashika moto, upindo wa kanzu ya Mzee ukaungua, betri ikapasuka. Bashiru akamwagia moto pipa la sharubati, kisha akawasha karabai. Maulidi yakasomwa vizuri. Niliona haya sana, mpaka pilau ilipoletwa.

Jumapili, 30 Oktoba
Mwanabibi kapewa Bashiru. Nimelia, sikatai. Kisha nikafikiri kifundi: betri moja ilielemewa, zilitakiwa mbili. Nikaenda kumpongeza Bashiru na kumwahidi taa za harusi. Kakataa. Mzee Abdurahmani naye kakataa, tena kwa fimbo. Basi nitazifunga kwa siri, ziwe zawadi.