Uzito Mkavu

Jumatatu, 6 Oktoba

Shajara, niwie radhi. Tangu Pasaka sijakuandikia. Nilikuwa nikitafuta trela ya kulala, na sasa imeegeshwa mbele ya nyumba, ndefu kuliko nilivyomwambia mke wangu, Verna. Daktari amemkataza kupitisha majira mengine ya baridi hapa Kansas. Kifua chake hakitahimili. Lazima tufike Arizona, kwenye joto, kabla ya theluji. Delbert, kaka yake, amejitolea kumpeleka kwa pikapu yake kubwa. Nimekataa. Mke wangu nitampeleka mwenyewe.

Jumanne, 7 Oktoba

Delbert amekuja bila kualikwa. Akaizunguka trela, akaitazama pikapu yangu, akauliza, "Shemeji, hapa nani anamvuta nani?" Nikamsomea karatasi ya pikapu. Pikapu yangu huvuta pauni elfu saba. Trela, kwa mujibu wa kibandiko cha kiwandani, ina uzito mkavu wa pauni elfu sita. Akasema huo ni uzito wa trela tupu. Nikamkumbusha kuwa nimefundisha sarufi maisha yangu yote: tupu ni tupu, kavu ni kavu. Kavu maana yake haina maji. Akacheka mpaka akashika mlango.

Alhamisi, 9 Oktoba

Nimemwaga maji yote ya matangi. Nimeondoa soda, supu za makopo na achari za Verna. Maharage makavu nimeyaruhusu, gunia zima. Vilevile vikaango vya chuma, cherehani, jenereta isiyo na mafuta, na kamusi zangu zote. Verna akauliza kama chuma hakina uzito. Nikamjibu kuwa kinao, lakini ni kikavu. Akanitazama sana, kisha akaenda kumpigia simu kaka yake.

Jumamosi, 11 Oktoba

Tuliondoka. Mkia wa pikapu ulishuka, pua ikaelekea mbinguni. Barabara niliiona kwa kubahatisha. Nikahamishia kamusi na vyuma nyuma kabisa ya trela. Pua ikashuka. Upepo ulipoanza, trela ikatutikisa kama mbwa atikisavyo panya. Verna hakupiga kelele. Alisema tu, taratibu, "Egesha, Harlan." Tukaishia kwenye mizani ya malori, katika ghala la nafaka la mji jirani. Trela peke yake: pauni elfu nane na ushee. Wakulima waliokuwa kwenye foleni na mtama wao walivua kofia. Afadhali wangecheka.

Jumapili, 12 Oktoba

Delbert ameichukua trela. Amemchukua na mke wangu, pamoja na achari. Mimi nilitengewa kiti cha nyuma, karibu na mbwa. "Panda, shemeji, haumi walimu." Nikasema nina shughuli. Verna akashusha kioo. Akaniambia kuwa ningekubali kukosea, hata mara moja tu, ningekuwa nimekaa kando yake.

Jumatano, 29 Oktoba

Theluji. Verna amepiga simu. Anapumua vizuri. Amesema mabasi yapo kila siku. Nije na begi tu, ameniwekea nafasi kitandani. Nimemjibu kuwa nafikiria.

Nimeisoma upya karatasi ya pikapu. Imeandikwa "kuvuta" pauni elfu saba. Mzigo uliopakiwa mgongoni mwa pikapu hauvutwi, unabebwa. Hivyo ni vitenzi viwili tofauti kabisa. Kuna trela nyingine inauzwa hapa mjini, kubwa kidogo kuliko ile. Ikivutwa tupu, na vyuma na kamusi vikabebwa mgongoni, sioni kosa. Nikishaamua kati ya hilo na basi, nitakuandikia. Wewe angalau hubishi.