Kanda ya Fundi na Mashine Namba Mbili

Jumatatu, tarehe 10 Juni

Fundi wangu,

Ushindi unanukia! Leo asubuhi nimekuta tangazo kwenye mlango wa ukumbi wa mtaa. Jumamosi kuna alasiri ya kanda za zamani. Kila mtu alete kanda moja, yenye umri wa miaka ishirini na mitano au zaidi. Inapigwa upande mmoja. Nusu ya watu wakinyoosha mikono, inazimwa. Ile itakayofika mwisho bila kuzimwa, mkutubi atainakili kwenye kompyuta ya maktaba, na itakaa huko hata sisi tukiondoka.

Nimesimama pale na furushi la mashuka ya watu mikononi mpaka mikono ikafa ganzi. Kanda yako imebaki moja tu duniani. Zile nyingine ulizigawa bure siku ya uzinduzi, na watu wakarekodia juu yake mpira na hotuba za harusi. Hii ikipotea, nitakuwa nimekuzika mara mbili.

Uzinduzi wenyewe ulikuwa kwenye ukumbi huo huo. Watu arobaini mwanzoni, saba mwishoni, na mmoja wa hao saba alikuwa amelala. Ulisema hawana kosa, tekno yako, huo muziki wa mashine, imefika kabla ya masikio yao, tuwape miaka thelathini. Nimehesabu kwa vidole. Miaka thelathini imetimia mwezi uliopita.

Nimeandikisha jina. Jioni Kinyozi wa mkabala, swahiba wako yule yule aliyetoka nje kwenye kipande cha pili, kaniita kutoka mlangoni kwake.

"Shemeji! Lile jokofu linalougua bado unalo?"

Ndivyo anavyoiita kanda yako. Nimemwambia tutaonana Jumamosi. Kasema naye analeta kanda, ile aliyoimba mwenyewe na gitaa. Mapenzi hayazeeki, kasema. Nimejibu kwamba majokofu pia hayazeeki. Sikuwa na jibu bora wakati ule. Nimelipata sasa, lakini kashafunga.

Nina mpango.

Jumanne, tarehe 11 Juni

Mpango wa kwanza: kuzoesha masikio. Wateja wangu wote watakuwepo ukumbini. Nikiwapigia kanda hapa dukani, chini chini, wakati wanasubiri nguo, ifikapo Jumamosi itakuwa imeshawaingia bila wao kujua. Akili!

Saa nne nimebonyeza. Saa nne na robo mwalimu mstaafu kanijulisha kwa upole kwamba mashine ya kufulia namba mbili ina hitilafu. Nimemwambia ni muziki. Kanitazama kama mtu anayemtazama mgonjwa. Watu watatu wamehamisha nguo zao kutoka namba mbili. Saa sita kaja fundi wa mashine, mtu kamwita, kaifungua mpaka bomba la chini huku ngoma zako zikiendelea juu ya rafu. Hakuona tatizo. Kasema mlio huo ni wa beringi, vile vyuma vinavyozungushia pipa.

Lakini sikiliza hili, Fundi. Muuguzi wa zamu ya asubuhi alikuwa anakunja sare zake. Mkunjo, mkunjo, mkunjo, mkunjo, pumzika. Mkunjo mara nne, pumzika. Ngoma yako! Mwenyewe hana habari. Kamaliza sare sita bila kukosea hata moja.

Ushindi wa kwanza. Mtu mmoja.

Kinyozi katoa spika nje na kutupigia nyimbo za mapenzi hadi jioni.

Jumatano, tarehe 12 Juni

Mpango wa pili: sifa. Nimemwita Wifi, dada yako, nikamnong'oneza kwamba huko ng'ambo, kwenye kumbi kubwa, siku hizi vijana wanacheza muziki wa namna ile ile uliotengeneza wewe kwenye chumba cha nyuma kwa kinanda cha kuazima na mashine ya ngoma uliyoifufua kwa vipuri vya redio. Si uongo. Nimemsihi asimwambie mtu. Kwa Wifi, hiyo ndiyo njia ya kutangazia mji mzima.

Saa tano habari ilikuwa sokoni. Saa saba ilikuwa kituo cha basi. Saa tisa ilirudi hapa dukani na mavazi mapya: Fundi hakufa, alikuwa ng'ambo, anarudi Jumamosi kupiga mwenyewe.

Mlango ukafunguliwa kwa kishindo. Kinyozi! Mkasi mkononi, unga wa poda mpaka kwenye nyusi. Kauliza kama ni kweli. Nimemwambia si kweli. Kakaa kwenye benchi la wateja, nami nimekaa. Kisha kasema angefurahi sana. Kasema bado anakumbuka ulivyokuwa unashika pini ya kuchomelea nyaya kwa meno huku unacheka.

Nikataka kumshika mkono. Ndipo akaongeza kwamba hata hivyo muziki wenyewe ulikuwa takataka.

Nimempokonya benchi.

Alhamisi, tarehe 13 Juni

Sasa jambo la aibu. Dakika ya ishirini na moja.

Unaijua vizuri. Ulikuwa unarekodi na maikrofoni ya mashine iko wazi, nami sikujua. Nikapiga kelele kutoka jikoni: "Fundi! Chai inapoa!" Sauti ikaingia katikati ya ngoma, imekaa pale miaka thelathini. Nilikuomba uifute. Ulikataa, ukasema ndiyo ala pekee isiyo ya umeme kwenye albamu yote. Siku ya uzinduzi nilikimbilia nje dakika ya ishirini. Kwa hiyo hata mimi nilitoka, kama Kinyozi. Hili sijawahi kumwambia mtu. Tangu siku hiyo, kila nikiipiga naizima nikikaribia hapo; hata Jumanne dukani nilikuwa nairudisha mwanzo. Huko mbele sijui kuna nini.

Ukumbi mzima hauwezi kunisikia nikigomba kwa ajili ya chai. Mpango wa tatu, basi: nitakaa karibu kabisa na redio ya kanda. Dakika ya ishirini nitasimama kana kwamba nanyoosha mgongo, nitapunguza sauti, nitahesabu mpaka kumi, nitapandisha. Hakuna atakayejua. Nimefanya mazoezi mara nane. Mgongo unauma kweli sasa.

Kanda nimeiweka mahali salama, ndani ya mfuko wa aproni, nisiiache mbali na mwili.

Ijumaa, tarehe 14 Juni

Balaa! Balaa, Fundi!

Miaka thelathini na miwili niko kwenye udobi. Nimetoa kwenye mifuko ya watu funguo, meno ya bandia, barua za mapenzi, na chura mmoja mzima. Ukutani nimeandika kwa mkono wangu, kwa herufi kubwa: KAGUA MIFUKO. Na leo asubuhi nimeifua aproni yangu. Maji moto. Mashine namba mbili. Nimeiona kanda ikipita kwenye kioo cha mlango, ikizunguka, ikiniaga.

Mlango wa mashine haufunguki mpaka mzunguko uishe. Dakika hamsini. Nimekaa chini mbele ya kioo kile kama mtu anayesubiri nje ya chumba cha upasuaji.

Sikumwita mtu. Nimevuka barabara nikitiririka maji mwenyewe na kumwekea Kinyozi kanda mezani. Nilitegemea kicheko. Kaitazama. Kageuza kibao cha mlangoni kikasomeka IMEFUNGWA, wakati mteja wake kanyolewa upande mmoja.

Yule mtu ana bisibisi ndogo za kufungulia mashine zake za kunyolea. Kafungua skrubu tano za kanda, pumzi kaibana. Katoa utepe wote, kauzungusha taratibu kwenye rola za nywele, rola kumi na nane, kisha kaupulizia draya kwa hewa baridi. Albamu yako ilikaa kwenye rola mpaka saa kumi kama bibi harusi. Mteja wa upande mmoja kashika mwisho wa utepe muda wote huo, hajalalamika.

Kinyozi kaurudisha utepe ndani ya kanda, kisha kaniapisha nisimwambie mtu. Kasema anafanya hivyo ili kesho anishinde kwa haki.

Jumamosi, tarehe 15 Juni

Tumeshinda! Tumeshinda, Fundi, tumeshinda!

Niandike kwa mpangilio. Ukumbi ulijaa, watu kama sitini. Kinyozi kaanza. Gitaa tamu, sauti tamu. Dakika ya tatu watu wakaanza kuulizana habari za watoto. Dakika ya sita mikono ikapanda. Mkutubi kahesabu thelathini na tatu. Kinyozi karudi kwenye kiti amejitia kutafuta kitu chini.

Ikaja zamu yetu. Kwanza kukwaruza tu, na mlio kama maji, ukweli ni kwamba yalikuwa maji. Mikono ikaanza. Kumi. Kumi na tisa. Ishirini na sita. Wifi alikuwa anashusha mikono ya jirani zake kwa nguvu. Kisha ngoma ikaingia.

Sijui niieleze vipi. Zamani ilisikika kama mashine inayojifanya mtu. Leo watu wamezungukwa na milio ya namna hiyo mchana kutwa, simu, lifti, milango ya benki, na ngoma yako ikawaingia kama kitu walichokijua. Mkono mmoja ukashuka. Miguu ikaanza kugonga. Muuguzi, nne na pumziko, nne na pumziko! Wanafunzi wa chuo cha ufundi wakasimama. Kufikia dakika ya kumi na tano viti vilikuwa vimesukumwa ukutani, na mwalimu mstaafu alikuwa anacheza na kofia yake.

Dakika ya ishirini nikasimama kunyoosha mgongo. Njia haipo! Mbele yangu Kinyozi, macho kafumba, anacheza kwa mwili mzima, tumbo lake limeziba redio. Nimemsukuma. Nimemfinya. Kadhani nacheza.

"FUNDI! CHAI INAPOA!"

Ukumbi ulilipuka. Nilitamani ardhi inimeze. Na kwa kuwa sikuwa na pa kukimbilia, nimesikia kilichofuata, kitu ambacho sijawahi kukisikia miaka thelathini. Sauti yako. Karibu kabisa na maikrofoni, unacheka, nadhani pini iko mdomoni:

"Nakuja, bibie. Dakika moja tu."

Kisha ngoma dakika tisa. Ndivyo ulivyokuwa.

Nimesimama pale pale. Watu sitini walikuwa wanaimba "chai inapoa" kwa mdundo, wananizunguka, na mimi nilikuwa nasikiliza dakika zako tisa moja baada ya nyingine mpaka utepe ukafika mwisho.

Halafu pingamizi! Mwanafunzi mmoja msichana kasema kanda hii si ya zamani, imetengenezwa mwaka huu, namdanganya nani. Mkutubi kadai shahidi. Kinyozi kapanda juu ya kiti.

"Mimi ni shahidi," kasema. "Nilikuwepo siku ya kwanza, humu humu. Nilitoka nje kipande cha pili. Nilikuwa mjinga. Andika hivyo hivyo."

Mkutubi kaandika hivyo hivyo.

Jumapili, tarehe 16 Juni

Nimelala kama mtoto. Kesho saa tatu napeleka kanda maktaba ikanakiliwe.

Nina mpango mpya. Ukumbi upewe jina lako! Nimeshamnong'oneza Wifi, na nimemsihi asimwambie mtu.

Kinyozi kapita jioni kaniachia draya yake. Kasema nikae nayo mpaka kesho saa tatu. Sijui kwa nini. Watu wana mambo.

Kanda iko salama, ndani ya mfuko wa koti langu zuri. Koti lilimwagikiwa chai jana watu wakicheza, haliwezi kuingia maktaba hivyo. Nitalifua asubuhi mapema, kisha niondoke.

Ulisema unakuja, Fundi, lakini naona ni mimi nitakayekufuata, siku nyingi zijazo. Nikumbuke huko uliko. Dakika moja tu.