Tundu la Begani

Jumatatu, 8 Julai 1974

Filamu imefika Tabora! Ni ya wapagazi wa zamani, waliobeba pembe za ndovu hadi pwani. Anayewavalisha ni mwanamke, Bi Flavia, kutoka Dar. Kanionyesha daftari lake: miaka kumi na mitano ya kazi, kila vazi limechorwa hadi kifungo. Nimebaki mdomo wazi. Anataka fundi cherehani mmoja wa kumsaidia, na jina la fundi huyo litaandikwa kwenye sinema. Yoramu, fundi mwenzangu anayeshona baraza ya pili, kashaanza kujipendekeza. Atanijua!

Alhamisi, 11 Julai

Kazi nilipewa mimi juzi! Leo nimemaliza nguo arobaini za merikani, nyeupe pee. Yoramu kanuna. Bi Flavia kazisifu, kisha akasema zibaki kwake, bado kuna kazi. Kazi gani tena?

Ijumaa, 12 Julai

Masikini nguo zangu! Nimezikuta kwa Bi Flavia zina tope, majivu, madoa ya chai, nyingine zimesuguliwa kwa jiwe. Huu ni mkono wa Yoramu tu, hasidi yule. Bi Flavia yuko Kigwa anatafuta njia ya kupigia picha. Nikaona nimwokoe asiaibike. Mimi na mke wangu Mwamvita tumefua zote, tukatia wanga wa muhogo, nikapiga pasi. Mikunjo kama wembe! Mwamvita aliuliza kama nina hakika. Wanawake bwana!

Jumamosi, 13 Julai

Bi Flavia kaziona, akakaa chini mchangani. Kumbe madoa ni yake! Kasomea ng'ambo miaka mitatu, na kuchakaza nguo kumo. Akasema nisipozirudisha zilivyokuwa kufikia kesho, nafasi ni ya Yoramu. Nimezivaa moja moja na kugaragara vumbini Itetemia mchana kutwa. Watu wakadhani nimepandwa na mashetani. Yoramu alileta kiti atazame vizuri.

Jumapili, 14 Julai

Subhanallah. Vumbi lilipanda njia ya Kigwa, wakatokea wapagazi, pembe begani, wanaimba Kinyamwezi. Nguo zile, jamani! Zilikuwa zimetembea miezi mitatu. Mbele yuko Mzee Mahona, mkulima wa hapo, kavaa kanzu aliyokuja nayo Bi Flavia kutoka Dar, yenye tundu pale pembe inapokaa. Marehemu babu yangu alikuwa na sugu palepale. Utotoni nilipenda kuishika. Nimelia mbele ya Yoramu na sikuona haya. Bi Flavia akasema lile tundu limemchukua wiki nzima, ndilo filamu yenyewe. Nimeelewa, wallahi! Uchakavu una elimu yake. Kanisamehe, jina langu limo. Kanikabidhi ile kanzu niitunze mpaka kesho, kwa picha ya mwisho. Kamera italisogelea bega.

Jumatatu, 15 Julai

Nimeitundika kanzu mbele yangu asubuhi, nikaitazama kwa heshima zote. Mzee mkubwa namna ile, kama babu yangu kafufuka, halafu dunia nzima imwone bega nje? Haiwezekani, na jina langu limo! Nimeliziba tundu. Kiraka kidogo, uzi hauonekani kabisa. Wanga nimetia kidogo tu. Gari lao linapiga honi nje. Bi Flavia atafurahi huyo!