Wagonjwa Wangu Mia Mbili na Kumi na Wawili

Jumatatu, 1 Septemba 2025

Siku ya neema! Dakta Marcelina, Mganga Mfawidhi wetu, ametuita kitengo kizima cha TEHAMA ofisini kwake. Kitengo kizima maana yake watu wawili. Mimi Khalfani, mwenye miaka mitatu ya kuzibua printa za hospitali hii ya Kigoma, na Aikande, aliyeletwa juzi tu kutoka Moshi na bado anauliza mgebuka ni samaki gani.

Dakta amesema wakaguzi wa mkoa wanakuja Jumatatu ijayo. Wanataka wakute wagonjwa elfu tatu wamesajiliwa kwenye Mfumo wa kompyuta. Tunao 2,640. Na kiti cha Mkuu wa Kitengo kiko wazi. Atakayeifikisha namba, jina lake ndilo litakalopelekwa juu.

Mkuu wa Kitengo! Ajira ya kudumu! Chumba chenye kiyoyozi! Mkataba wangu unakwisha tarehe 30 mwezi huu. Tatizo jingine ni kwamba Mama nilishamwambia tangu mfungo wa Ramadhani kuwa Mkuu ni mimi. Naye ameshautangazia mtaa wetu wote wa Rusimbi. Nikipita barazani kinamama wananiita Bosi. Nikikosa kiti hiki itabidi nivuke ziwa nikaishi Kongo.

Aikande akapendekeza tugawane wodi, tuwafundishe manesi taratibu, mmoja mmoja. Nikamjibu sawa dada, wazo zuri. Moyoni nikasema ng'o.

Jumanne, 2 Septemba

Mpango wa kwanza. Wagonjwa wetu huja na madaftari ya shule. Daktari anaandika humo, wao wanarudi nayo nyumbani, Mfumo unabaki na njaa. Basi asubuhi nimesimama getini, nikayakusanya yote. Madaftari sitini na matatu! Nikajifungia nayo, nikaanza kuchapa kama nafukuzwa na mbwa.

Bi Mwanakheri wa masjala, ambaye yuko hospitali hii tangu mimi sijazaliwa, akagonga mlango. Akauliza madaktari watamtibuje mtu wasiyejua jana alipewa dawa gani. Nikamwambia Shikamoo Bi Mkubwa, hizi ni zama za kidijitali. Akasema marahaba, na hizo zama zako zina foleni imefika barabarani.

Sikumjali. Mwenye wivu ajinyonge.

Saa tisa Aikande akapitia kazi yangu. Arobaini na mmoja walikuwa wameshasajiliwa zamani. Waliobaki ishirini na wawili si wagonjwa. Ni watoto wa shule. Mama akikosa daftari jipya huchukua la mwanawe lenye kurasa zilizobaki, na mimi nilisoma ukurasa wa mbele. Kwa hiyo nimemsajili mgonjwa aitwaye Darasa la Nne B, mwenye tatizo la "rudia, andika vizuri".

Aikande hakucheka. Angecheka ningemchukia kwa raha zaidi.

Alhamisi, 4 Septemba

Aikande amesajili tisini na sita ndani ya siku mbili! Manesi wanamwita mwanetu. Mmoja amemletea ndizi.

Mpango wa pili ukazaliwa palepale. Nikabadilisha neno la siri la mtandao ili asiweze kuingia. Mimi peke yangu nilijue. Karatasi inaweza kuibwa, kwa hiyo nikaliandika kwenye kiganja cha mkono wa kulia. Nani ataniibia kiganja?

Saa saba nikaenda kula. Ugali wa muhogo, mgebuka wa kuunga kwa mawese. Nilikula vizuri mno. Nikanawa kwa sabuni.

Lahaula! Kiganja cheupe, neno limekwenda na povu.

Maabara haina mtandao. Famasi haina mtandao. Dakta Marcelina alikuwa katikati ya kikao cha video na wakubwa wake, picha yake ikaganda mdomo wazi. Nikasema nadhani ni mkonga wa baharini. Bi Mwanakheri akauliza bahari gani hiyo, hapa Kigoma.

Aikande akaupata mtandao kwa dakika nane. Akanifichia siri. Akasema tu, kaka Khalfani, mengine si ya kuandika mwilini. Kidogo nilie kwa hasira.

Ijumaa, 5 Septemba

Hesabu ya jioni: 2,788. Zote mia moja arobaini na nane ni za Aikande. Za kwangu ni sifuri, ukimtoa Darasa la Nne B, naye amefutwa. Zinahitajika 212. Aikande amemwambia Dakta ukweli kwamba hatutafika, waombe wiki moja zaidi. Kusema ukweli kwa bosi! Hivi Moshi wanafundishwa nini?

Baada ya swala ya Isha nimeteremka Kibirizi, kando ya ziwa, kupunga upepo. Nikasimama kama nimepigwa na radi. Mbalamwezi! Ziwa likiangazwa na mwezi dagaa hawafuati taa, kwa hiyo wavuvi hawaingii. Wote wamekaa mwaloni, pale mashua zinapotia nanga, wanashona nyavu, wanacheza bao, wanabishana mpira. Mamia ya watu wasio na kazi, kila mmoja na jina lake, umri wake, na namba yake ya simu.

Nikamtafuta Bonifasi, kiongozi wa wavuvi pale mwaloni. Nikamweleza kwamba atakayejiandikisha kesho hatapanga foleni hospitali maisha yake yote. Akaniuliza nimepewa ruhusa na nani. Nikamwambia Mkuu wa Kitengo. Sikusema uongo, ni kweli iliyotangulia wakati wake tu.

Jumamosi, 6 Septemba

Ushindi! Ushindi! Ushindi!

Nilifika Kibirizi saa mbili na meza, kiti na kompyuta. Bonifasi akawasalimu watu wake kwa Kiha, akatangaza kwa kipaza sauti. Walinijia kama sukari imemwagika. Kinababa, kinamama wanaoanika dagaa, hata wapishi wa mgahawa.

Palitokea kikwazo kimoja kidogo. Mfumo haukubali kumpokea mtu mwenye afya njema. Lazima uchague tatizo lililomleta, la sivyo hausongi mbele. Orodha ya matatizo ni ndefu kama khutba. Nikachagua la kwanza juu: kuhara maji maji na kutapika. Nikabonyeza hilohilo kwa kila mtu. Nani atasoma? Wakaguzi wanatazama jumla.

Saa saba Mama akatokea. Alikuja kununua dagaa, akaniona mwanawe nyuma ya kompyuta na msururu wa watu mbele yangu. Akasimama, akajifuta machozi kwa ncha ya khanga. Akawaambia wenzake, mnaona sasa, mlidhani natia chumvi. Nikamweka mbele ya foleni. Akaingia namba 2,987.

Kufika jioni zilikuwa 2,999 na watu wamekwisha. Nikajisajili mwenyewe.

Elfu tatu kamili!

Jumatatu, 8 Septemba

Saa nne wakaguzi wamekuja. Dakta Marcelina akafungua Mfumo mbele yao: 3,000. Wakapiga makofi. Dakta akanishika bega na kusema mbele ya watu wote kwamba hili ni jembe. Aikande akanitazama, akaitazama namba, akanitazama tena. Sikumtazama.

Saa sita kamili simu ya Dakta ikalia. Akasikiliza. Uso ukabadilika. Sasa ikalia na ya mkaguzi mkuu. Kisha za wakaguzi wote, moja baada ya nyingine.

Mlipuko wa kipindupindu Kibirizi. Washukiwa mia mbili na kumi na wawili.

Kila Jumatatu saa sita Mfumo hutuma wenyewe mkoani taarifa za magonjwa ya hatari. Magonjwa ya hatari ndiyo yaliyowekwa juu kabisa kwenye orodha. Na aliyeiunganisha hiyo huduma, mwezi wa sita, akapewa cheti, akakitundika ukutani, ni nani? Ni mimi.

Nilikuwa na nafasi ya kusema. Mdomo niliufungua kabisa. Lakini mkaguzi mkuu alikuwa amegeuka kumwambia Dakta kwamba bila kijana huyu watu wangekufa kimyakimya. Nikaufunga.

Jumanne, 9 Septemba

Kimeumana. Mahema yamesimamishwa Kibirizi, maji ya dawa yamemwagwa kila mahali. Mwalo umefungwa, kuuza dagaa marufuku, pilau ya harusi ya watu imezuiwa na tayari mchele ulikuwa jikoni. Mwezi umeanza kupungua, mashua zinatakiwa kushuka majini, na askari amesimama mbele yake. Bonifasi ananitafuta. Amewaambia watu hataki maelezo, anataka shingo.

Nilikuwa nimejificha chumba cha seva. Saa nane wakaja watu wanne wa glavu na machela, wakauliza nani hapa anaitwa Khalfani, mgonjwa namba 3,000. Nikasema mimi mzima. Wakasema wote wanasema hivyo. Walinibeba mbele ya foleni nzima ya wagonjwa wa nje. Bi Mwanakheri akanisindikiza hadi mlangoni, akaniombea shifaa kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika.

Jumatano, 10 Septemba

Naandika nikiwa hemani. Nimekunywa lita nne za maji ya chumvi na sukari. Kitanda cha kushoto yuko Bonifasi, ambaye hawezi kunipiga kwa sababu nesi amekaa katikati. Kitanda cha mbele yuko Mama. Walimtoa nyumbani Rusimbi, wakamwagia dawa jiko lake na majirani wote wakiangalia.

Kila mtu amepewa kikopo cha kutolea choo kwa ajili ya maabara. Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Watu mia mbili na kumi na wawili wanaoharisha, na tangu asubuhi hakuna hata mmoja aliyeweza! Mzee mmoja akasema yeye huenda Ijumaa kwa Ijumaa, wamsubiri. Daktari wa mkoa akazunguka na sanduku lake tupu, akizidi kukunja uso.

Mama akaniuliza, polepole, kama Mkuu wa Kitengo naye hupewa kikopo. Nikasema Mama, ni utaratibu. Akaniuliza tena, tukitazamana, kama kweli mimi ni Mkuu. Nikainama kukitazama kikopo changu. Akageukia upande wa pili wa kitanda, akajifunika khanga. Niliumia. Hilo naandika bila mzaha.

Ijumaa, 12 Septemba

Vikopo vilipatikana hatimaye. Hakuna kipindupindu. Hakuna hata minyoo ya kutosha. Kibirizi imetangazwa kuwa na watu wenye afya kuliko mkoa mzima.

Dakta Marcelina akamwomba Aikande atazame Mfumo. Akagundua kwa muda wa kunywa chai: wagonjwa 212, ugonjwa mmoja, siku moja, kompyuta moja, msajili mmoja. Kabla hajampelekea Dakta alinijia kwanza hemani. Akasema kaka, nenda kaseme mwenyewe, mtu akisema mwenyewe husamehewa nusu. Nikamwambia yawezekana ni kirusi. Akauliza kirusi gani. Nikamwambia hicho ndicho tunachokichunguza.

Jumatatu, 15 Septemba

Mkuu wa Kitengo ni Aikande. Imebandikwa ubaoni, na muhuri.

Dakta Marcelina aliniweka saa nzima, nimesimama. Alitaja mahema, dawa, harusi, mashua. Nikalia kidogo, kwanza kwa hila, baadaye kwa kweli. Nikamweleza habari ya Mama. Akasema mkataba wangu anaweza kuufikiria upya kwa sharti moja. Nisafishe uchafu wangu mwenyewe, niwafute wote 212 kwa mikono yangu, bila ujanja.

Nimekwenda kwa Mama jioni. Nikamwambia mimi si Mkuu, sijawahi kuwa. Akapakua chakula, akaniwekea kipande kikubwa. Akasema cheo si kitu, mradi nifanye hii kazi vizuri nisifukuzwe. Nimeapa mbele yake. Kuanzia leo Khalfani ni mtu mwingine.

Jumanne, 16 Septemba

Mtu mwingine nimefika kazini saa moja na nusu!

Aikande amenielekeza kwa upole, ofisini kwake, kwenye kiyoyozi chake. Nimfungue kila mmoja, nibonyeze kufuta, Mfumo utadai sababu, nisome orodha yote nichague iliyo sahihi, ipo chini kabisa. Akasema nisiwe na haraka, ni kazi ya siku nzima.

Siku nzima! Ndiyo tofauti ya mtu wa vitabu na mtu wa kazi. Sababu ziko kumi na nne, na ili uifikie ya mwisho kompyuta yangu hii inatafuna dakika nzima kwa kila mtu. Sababu ni utaratibu tu. Kinachotakiwa ni watoke. Nimechagua ya kwanza juu: amefariki.

Walianza kutoka kama maji. Bonifasi, ametoka. Yule mzee wa Ijumaa kwa Ijumaa, ametoka. Kwenye namba 2,987 nikakutana na jina la Mama, nikasema Innalillahi kwa heshima, nikabonyeza. Wa mwisho nilikuwa mimi mwenyewe.

Saa tatu kasoro nimemaliza. 2,788 kamili, safi kabisa. Kesho Mama ana kliniki ya presha hapahapa. Nitamsindikiza, na yeye akiwa anaonwa nitapita kwa Dakta Marcelina kuulizia mkataba wangu.