Nilivyopandisha Sauti ya Mama Sakina

Ndugu zangu wa Kibombo, leo nimejiaibisha mbele ya arusi nzima. Sikulewa. Sikuanguka. Ni kaseti tu!

Munajua kazi yangu hapa Kindu: kurekodi na kunakili kaseti. Munajua na sifa yangu: kaseti ya Amuri inalia kuliko zote sokoni. (Sifa hiyo niliitangaza mimi mwenyewe.) Basi Mama Sakina, kiongozi wa wanawake wanaoimba kwenye arusi za mutaa wetu, aliniomba nimurekodi nyimbo mbili, zipigwe leo binti yake anapoolewa. Na mimi nimemuposa binti yake wa pili, Zaina. Jibu bado. Nikasema, hapa lazima nionyeshe ufundi.

Asubuhi nikasikiliza kanda ya kwanza, ile ya siku nilipomurekodi. Mama anaanza kwa sauti ya chini kabisa, karibu ya kunong'ona, halafu anapanda kidogo kidogo mpaka ngoma zinaingia. Nikakasirika. Watu wa nyuma watasikia nini? Nikainakili upya. Palipo chini nikapandisha. Palipo juu nikaongeza tena. Sindano ya aparei, mashine yangu ya kunakili, ikalala kwenye nyekundu, pale sauti inapozidi, haikuamuka. Nikajaribu mwanzo tu, mulango wazi, malori yanapita nje. Safi!

Saa tisa tukawa uani kwa Mama Sakina. Wazee ndani ya suti zao za abakosi, akina mama na vitenge vipya. Nikafunga bafle, lile sanduku kubwa la sauti, nikabonyeza.

Mama wee! Ule mnong'ono ukatoka kama muntu anayemuitia mwizi. Mutoto mmoja akaanza kulia. Ngoma zilipoingia hazikuwa ngoma tena, ni mawe yanaanguka juu ya mabati. Krrr! Krrr!

Mama Sakina akanisogelea. "Amuri, sauti yangu iko wapi?"

"Njo hii, mama, ndiyo hii hii. Sasa iko na nguvu."

"Nguvu ya nini? Nilianza pole pole kwa sababu wimbo unaanza pole pole. Sasa mwanzo kelele, mwisho kelele. Nitapanda niende wapi?"

Nikamwambia, "Ngoja wimbo wa pili, mama." (Bora ningezima. Bora umeme ungekatika, si unakatika kila siku? Leo ukakataa!)

Kati ya nyimbo hizo mbili kulikuwa na kimya kidogo, waimbaji wapumue. Kwenye kanda ya kwanza husikii kitu pale. Lakini mimi nilikuwa nimepandisha kila kitu, hata kimya. Bafle likatoa kuku. Likatoa kijiko ndani ya sufuria. Halafu likatoa sauti yangu, kubwa, ikimwambia muzee Ramazani, mupiga ngoma:

"Huyu mama akifika kule juu, njo kama mbuzi wa kamba fupi."

Na Ramazani: "Hi hi hi!"

Ramazani, aliyekuwa amekaa karibu yangu, akasimama akaondoka na sahani yake ya wali.

Mume wa Mama Sakina, ambaye masikio yake yamechoka, akafurahi sana. "Sitwayen Amuri, mwananchi wangu, hii njo kaseti! Nimesikia kila neno. Mbuzi wa nani?"

"Rudisha nyuma," Mama Sakina akaniambia taratibu. "Baba hakusikia muzuri."

Nikarudisha! Ningefanya nini? Mara ya pili hata bibi arusi alicheka ndani ya shela.

"Sasa weka ile kanda ya kwanza."

Nikaitoa mufukoni, nikaiweka. Ikaanza chini, na watu wakaacha kutafuna ili wasikie. Ilipopanda, mwili ulinisisimka. Na kusema kweli, hakuna mbuzi pale.

Wakati wa kuaga nikauliza habari ya Zaina. (Ndiyo, niliuliza. Musinitukane.)

"Jibu tutakuandikia," Mama Sakina akasema. "Kusema mbele yako, tunaogopa. Unaweza kurekodi."

Na bado. Nakala moja ya ile niliyopandisha imeondoka na treni ya saa sita mchana, kabla ya arusi, inakuja huko kwenu kwa shangazi yake Zaina. Akiwaita kuisikiliza, nawaomba sana: wimbo wa kwanza ukiisha tu, mupige makofi kwa nguvu zote mpaka wa pili uanze.