Kila Hongera Ifutwe

Jumatatu, tarehe 3.
Mkurugenzi amekuja juu. Asubuhi moja tu, barua pepe arobaini za matapeli, zote zinaanza na Hongera, umeshinda. Mimi ndiye fundi wa mtambo wa barua, basi macho yote kwangu. Mama Masjala, mtunza mafaili wetu, akashauri zinazotiliwa shaka ziwekwe kando, mtu azipitie kila jioni. Nikamwambia mtambo si kabati. Nimeuamuru ufute kila barua yenye neno hongera, kimyakimya, bila kumjulisha aliyeituma. Tapeli umwambie mlango umefungwa ili iweje?

Jumatano, tarehe 5.
Masanduku safi. Mkurugenzi kanipigia saluti. Ila mhasibu kanuna: amepandishwa cheo na hakuna aliyemwandikia hata neno. Watu wa ofisi hii hawana utu. Mimi nilimwandikia mistari minne, anadai hakuiona. Cheo kimeshampanda kichwani.

Alhamisi, tarehe 6.
Binti yangu hagusi chakula. Anasubiri jibu la chuo cha uuguzi. Alitoa anwani yangu ya barua pepe ya kazini, eti kwa baba hakuna kinachopotea. Mwisho wa kuthibitisha nafasi ni kesho saa sita mchana. Nikapiga simu chuoni. Karani akasema barua ilitumwa Jumanne, na kwa kuwa haikurudi, wakajua imefika. Nikauliza inaanzaje. Akasema inaanza na hongera.
Nilikaa chini. Nikamwomba aitume tena bila neno hilo. Akaniuliza kama mimi ni mzima.

Ijumaa, tarehe 7.
Ningeufungua mtambo jana ileile, lakini Mama Masjala alikuwa amesimama mlangoni, nikaona haya. Leo chuoni simu haipokelewi. Saa nne nikamweleza Mama Masjala yote. Hakunicheka. Alichukua mkoba, akampitia binti yangu, wakaenda chuoni wenyewe. Binti alisaini saa sita kasoro dakika kumi. Mwanangu alirudi analia kwa furaha, akamkumbatia Mama Masjala kwanza, mimi baadaye. Nilistahili kurukwa kabisa.

Jumatano, tarehe 12.
Juzi niliziachia hongera, kama nilivyomwahidi Mama Masjala. Matapeli nao wamebadilika: sasa wanaanza na Pole, akaunti yako imefungwa. Mama Masjala akaanza tena habari zake za kuweka kando. Nikamkatiza. Somo nimelielewa: tatizo lilikuwa lile neno. Nikaamuru siku hiyohiyo kila pole ifutwe, kimyakimya.
Jana niliteleza kwenye ngazi za ofisi, kila mtu akiona. Kifundo cha mguu kimevimba, niko nyumbani. Tangu asubuhi nafungua sanduku langu la barua. Tupu. Hata Mama Masjala hajaniandikia.
Nilisema na narudia: watu wa ofisi hii hawana utu.